Seva Kabatini

Niliinunua mnadani, chama cha tumbaku kilipouza samani:
kioo kina ufa, kitufe cha M hakipo,
ndani vumbi la majani makavu, ukifungua unapiga chafya.
Elfu arobaini. Dalali akacheka,
"Mama Mihayo, hiyo ni ya kuegeshea mlango."

Sikubishana.
Nilifuta vyote, na madirisha yake yenye kudai ada,
nikaweka Linux usiku mmoja,
feni ikivuma kama treni ya mizigo iliyochelewa Igalula.
Asubuhi Mihayo akakuta mchoro kwenye kioo:
"Mama, ndege gani huyu ana kitambi?"
Wa kwenye barafu, mwanangu. Haruki.
Amekuja Isevya kufanya kazi.

Sasa inakaa kabatini,
kati ya vikombe vya wageni na dumu la asali.
Tundu la waya nilitoboa kwa msumari wa moto.
Watu huuliza kwa nini nisiweke vitu vyangu
huko wanakoweka wengine, mbali, bure.
Niliweka.
Laini yangu ya simu ilipokufa
wakanifungia picha za matanga ya mama.
Niliandika barua nne. Nikajibiwa na mashine
iliyoniita mteja mpendwa.

Kwa hiyo kabatini.
Humo mna hesabu za kikoba cha Bi Mwavita,
vyeti vya kuzaliwa, masomo ya Mihayo,
na sekunde kumi na nne za Kasele,
sauti aliyonitumia akiwa zamu stesheni ya Nyahua
wiki mbili kabla hatujamzika.

Habari za kiini kipya nazisoma
kama jirani asomavyo msimamo wa ligi.
Juzi kimetoka kingine, na humo, mstari wa mia tatu na kitu,
mtu fulani ametibu kadi ya mtandao ya mashine zilizozeeka.
Hanijui. Alikuwa anatengeneza yake,
na yangu ikapona Tabora.

Mimi nami nimetoa kidogo.
Programu ya nakala ilisema Kiswahili, ila saa zake za kigeni:
"Nakala itachukuliwa saa 2 usiku."
Bi Mwavita akakaa saa mbili, simu mkononi, ugali unapoa,
kumbe mashine inamaanisha saa nane.
Kesho yake alinifokea mbele ya wanachama.
Nikafungua msimbo. Hauna kufuli, ndiyo maana ya huria.
Nikatafuta siku tatu, nikaandika mstari mmoja:
ongeza sita, ikizidi kumi na mbili anza moja.
Nikautuma.
Mtu akauliza: kwa nini sita?
Nikamjibu: kwetu siku huanza jua likitoka,
haianzi watu wakikoroma.
Kimya, majuma matatu. Kisha neno moja: imepokelewa.
Jina langu lipo kwenye orodha, chini kabisa,
kati ya majina mawili nisiyoweza kuyatamka.

Usinione najisifu.
Mwezi wa pili diski ilikufa na harusi nzima ya shemeji,
hadi leo hanisalimii vizuri.
Diski ya akiba sasa nimeiviringisha kitenge,
iko kwa dada, Cheyo, chini ya godoro.

Saa nane usiku.
Taa ya kijani inapepesa,
vikombe vya wageni vinagongana kidogo kwa mtetemo wa feni.
Hesabu zinapita, vyeti, masomo,
kisha zamu ya Kasele, bila kusikika,
nami naijua kwa moyo:
nikirudi Jumamosi nitaleta kuku, na wewe
usisahau betri za redio.

Betri ipo, Kasele. Ya bodaboda, chini ya kabati,
umeme ukikatika inashika saa mbili na nusu.
Jana nimeiongeza maji.