Safu ya Maelezo

Saa tatu asubuhi, kila siku, hata Krismasi,
nakitoa kikopo ndani ya mtungi wa shaba
nyuma ya ofisi ya mradi wa mpunga, Bunyala,
nainama hadi jicho liwe sawa na maji,
kisha najaza fomu:
tarehe, milimita, maelezo.

Safu ya maelezo huwa tupu.
Aliyenitangulia, Bwana Egesa, aliijaza mara moja tu
kwa miaka kumi na minane:
*Nyoka ndani ya kipimo.*

Mimi bahari sijaiona.
Nauli ya kufika huko nimeihesabu mara mbili,
mara zote mbili ikaishia kwenye karo.
Ila Oktoba ile kijana wa idara alipiga simu
akasema maji ya upande wetu wa bahari
yamezidi joto la kawaida, digrii moja.

Digrii moja!
Mwanangu Wandera akizidi digrii moja
namfuta kwa kitambaa, simpeleki hata zahanati.
Nikamuuliza: na bahari hupewa dawa gani?
Akacheka. Hutoa jasho, mama.

Jasho, lakini si kama letu.
Chumvi huiacha nyumbani.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakulitazama jua likizoa,
bila kata, bila ndoo,
na upepo ukipokea mzigo kizingitini,
ukipanda nao bara, ukihema kwenye kuta za Bonde la Ufa,
ukidondosha kidogo Nakuru, kidogo Londiani,
mwingi ukiuleta.

Na Ziwa letu nalo halikai bure.
Mchana lilipeleka pumzi yake baridi vilimani Nandi,
ikakutana na mgeni wa mashariki,
wakagongana vichwa juu ya mashamba ya chai:
mvua ya mawe, kila jiwe jicho la mbuzi.
Usiku nchi kavu ikapoa,
Ziwa likabaki na joto lake kama chungu kilichoepuliwa,
pepo za kando zote zikalikimbilia,
na saa tisa radi ikaanza kuhamisha vyombo.

Nikaandika 41. Nikaandika 63.
Kisha siku moja sufuri,
mbingu safi, shuka zimekauka kambani kabla ya saa tano,
na Nzoia ukaja.

Mvua haikuwa yetu.
Ilinyesha Cherang'ani, ilinyesha Elgon,
kwenye mabati ya watu nisiowajua majina.
Tuta likakatika alasiri, jua likiwaka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu tulilitafuta jembe:
lilikuwa chini yake,
pamoja na mpunga, pamoja na kaburi la mama mkwe.
Alikaa siku thelathini na moja.
Jikoni mwangu alipanda hadi rafu ya tatu,
akaikuta pakiti ya chumvi,
akailamba yote, karatasi ikabaki.
Nikamwambia, nikiwa juu ya meza:
kumbe umekumbuka kwenu.

Kipimo tulikiokoa mimi na Nabwire, kwa mtumbwi wa jirani.
Kilikuwa kimejaa hadi mdomoni.
Sikujua niandike nini. Ndani yake kulikuwa na mto,
na Ziwa, na kile kisichoonekana kutoka hapa,
na fomu haina mahali pa kuuliza maji yametoka wapi.

Huu sasa ni mwaka mwingine.
Bahari imepoa upande huu, wanasema,
joto limehamia kwa wenzetu ng'ambo, na mawingu yakalifuata.
0. 0. 0. Mbili, za umande labda. 0.
Mpunga umejikunja majani kama mtu anayeficha shilingi.

Jumatatu, katika safu ya maelezo, niliandika:
*Homa imeshuka.*

Fomu ikarudishwa. Nambari tu, tafadhali.

Nikafuta. Raba yangu ni ya Wandera, imechakaa;
ukiiinamisha karatasi kuelekea dirishani
bado panasomeka.