Lafudhi ya Mkono

Kila Jumatano nafunga karakana mapema,
napangusa unga wa mbao kwenye nyusi,
nashika njia ya Shibale, ukumbi wa kanisa:
mimi Wangatia, fundi wa milango na majeneza,
miaka sitini na mitatu,
nakwenda kufundishwa kutaja jina langu.

Tuko tisa.
Nabwire wa omena, mama wa pacha;
askari wa zamu ya usiku, husinzia tukifika K;
kijana wa bodaboda asiyevua helmeti.
Mwalimu hasikii tangu surua ya utotoni.
Hagongi meza. Anazima taa, anaiwasha,
nasi watu wazima wenye madeni na wajukuu
tunanyamazisha mikono.

W yataka vidole vitatu visimame.
Changu cha pete kilibaki kwenye msumeno
mwaka wa mvua kubwa, nikikimbizana na oda ya madawati.
Kwa hiyo W yangu ni V.
Vangatia, mwalimu anaandika ubaoni,
anacheka kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta,
nami nacheka,
kisha sicheki.

Nilidhani ujuzi ni kama gundi,
ukishaganda umeganda.
Mkono huu unautambua mvule gizani,
unajua ubao upi utapinda kiangazi kikija,
lakini uambie useme *chai*
unasema jambo la kumfunika Nabwire uso kwa leso.

Usiku narudia mbele ya kioo cha kabati
ambalo mwenyewe alishindwa kulilipia.
Rispa, kitandani: "Unaomba au unafukuza mbu?"
Mteja alinikuta nikihesabu hewani,
akadhani napandisha bei,
akaongeza mia mbili.
Sikumrudishia.

Shule zikafungwa, Ayuma akaja.
Miaka minne nilikuwa nikimwonyesha kwa kidole:
kula. Njoo. Acha.
Maneno ya kuswagia ng'ombe.
Safari hii niliketi chini, kwenye maranda,
nikamuuliza, kwa jasho,
*uliota nini?*

Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa na kiti.
Halafu akafunguka, mikono ikawa mvua ya mawe,
nikaokota matatu tu: ng'ombe, mto, wewe.
*Tena. Polepole.*
Akarudia. Akarudia tena,
kwa subira ambayo
hakuirithi kwangu.

Nilipojiendeleza jina, aliiona ile V.
Akaushika mkono niliouficha mfukoni
kwenye picha za harusi, kwenye mahari ya mama yake,
akakisugua kigutu kwa dole gumba, mara mbili,
akanielekezea kifua.
Basi. Hakueleza.
Kesho yake, ng'ambo ya barabara, mbele ya majirani,
gumba lake kwenye kidole chake cha pete, mara mbili,
nami nikageuka.

Mwalimu amelikubali. Nabwire analiita vizuri kuliko askari.
W bado naifanyia mazoezi, hata hivyo;
kuna *wapi*, kuna Wafula anayenidai mbao.

Jumatano ijayo ni maswali: nani, lini.
*Kwa nini* ameiacha hadi mwezi ujao,
asema huwachosha wazee.
Leo asubuhi, randa ikiwa imezimwa,
nimeanza kuijaribu.