Chaki ya Fundi

Nilimpa Mwanamkuu sura ya tatu
aisome katikati ya suruali za shule.
Muheza, nyuma ya stendi. Cherehani yake
ina mguu mmoja uliotiliwa kigae cha sahani.
Nikamwambia: weka alama pale utakapochoka.

Alhamisi akanirudishia. Chaki ya buluu
imepita kurasani kama anayepima kiuno.
Hapa nilisinzia.
Hapa nimerudia mara mbili, hakijaingia.
Hapa umebandika viraka vitatu juu ya tundu moja.
Kwenye neno "vekta" akachora mkasi.

Mimi, niliyekaa Amani miezi sita
nikifukua majalada yanayonuka ukungu na dawa ya mende,
niliyejua kwa kichwa mbu gani alipasuliwa lini
na vimelea vikaonekana wapi, tumboni au kwenye tezi za mate,
niliona haya za mtu aliyealika mtaa mzima karamuni
akazifungia sahani kabatini.

Nikaanza upya. Nikaandika:
zamani wasomi wa mbali walilaumu hewa ya kinamasi,
wakafunga madirisha,
wakateswa na joto, na homa ikaja vilevile.
Huku milimani, inasemekana,
homa na mdudu vilikuwa na jina moja: mbu.
Neno lilifika kabla ya darubini.
Ila neno halipasui tumbo la mdudu,
halihesabu, halirudii hesabu usiku wa pili;
nalo hilo niliandika, nisije nikajisifu bure.

Mwanamkuu akasoma, pini zimembana midomoni.
Hii sawa, akasema. Hapa dirisha nimeliona.
Kisha akaligota jedwali langu kwa kastabini:
Mkamataji Na. 4. Mguu wazi.
Saa moja usiku hadi kumi na moja alfajiri.
Mbu sitini na wawili.
"Huu mguu ni wa nani?"

Sikujua.
Nilijua nani alisugua lenzi.
Nilijua meli iliyoleta sanduku la vioo
na vioo vingapi vilivunjika njiani.

Nikapanda tena mlimani.
Daftari la mishahara lilikuwa stoo, chini ya mizani mbovu:
Semkiwa H., usiku kumi na mmoja, tochi moja,
blanketi moja (limerudishwa).
Halafu shilingi. Halafu dole gumba,
wino umevuja upande, mistari ya ngozi
imezungukana kama kilima kwenye ramani.
Nililitazama dole lile kwa muda mrefu
kuliko nilivyowahi kuitazama picha ya yeyote mwenye ndevu.

Sasa sura ya tatu inaanzia gizani.
Mtu amekaa kigodani, suruali kaipandisha magotini.
Haruhusiwi kupiga kofi.
Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kutopiga kofi.
Mdudu akitua, anavuta pumzi kwenye mrija wa kioo,
mdudu anaingia, anaziba kwa pamba, anangoja mwingine.
Mbu ambaye daktari atampasua asubuhi
amekuja kwa pumzi ya mtu huyu.
Je, aliugua? Daftari halisemi.
Nimeandika hivyohivyo: daftari halisemi.
Alikuwa na mke, alipenda kahawa, aliimba kupoza usingizi?
Nilishawishika kumvisha. Nikaacha.
Nguo ya kubuni ingembana begani.

Leo Mwanamkuu amemaliza.
Ukurasa wa kwanza hauna chaki, wala wa pili.
Kwenye wa tatu kuna alama moja, fupi, ya haraka.
Moyo ukanishuka. Nikauliza: hapa ndipo ulipolala?
"Aa," akasema, mguu ukikanyaga cherehani,
mkono ukisukuma kitambaa,
"hapo nilijikuna."