Marekebisho ya Kumbukumbu za Mei

Kabla hatujazithibitisha, nina neno.

Mnaijua kengele hii. Tuliifunga ulimi kwa soksi
mwaka ule watoto wawili walipojificha chini ya meza
kwa sababu ya mlio wake. Tangu hapo haisemi.
Naiinua tu, nanyi mnanyamaza.
Nilidhani huo ndio upole.

Kumbukumbu za Mei, ukurasa wa pili, zasema:
Ndolo alichangia. Mkutano ukaendelea.
Katibu aliandika nilivyomwambia.
Leo naomba iandikwe hivi:

kwamba mvua ilikuwa ikiyapiga mabati ya chekechea hii,
hapa Jericho, nasi tumekaa kwenye viti vya watoto
magoti yakikaribia kidevu,
taa ya mrija tumeizima kwa kuwa inavuma
(wengine hamuisikii; Ndolo huisikia tangu getini);

kwamba Mama Chelagat alikuwa ametueleza
habari za matone aliyouziwa Eastleigh, elfu nne chupa,
na jinsi mwanawe alivyoanza kumtazama machoni,
nasi tukampigia makofi yetu ya kimya, ya kupunga viganja,
wala sikuinua kitu;

kwamba Ndolo alisimama, miaka ishirini na sita,
akiizungusha kofia yake ya sufi mkononi,
akasema: Mimi pia nilipewa matone.
Nilianza kutazama watu machoni
kwa sababu nilichoka kupigwa.
Akasema: Kituo kinachotulipia chai hii
kilinifunga mikono kwa kanga nisiipunge.
Akasema: Mkisema usonji umewaibia mtoto,
mtoto yumo chumbani humu humu, anasikia.

Hapo niliinua kengele.

Najua macho yangu yalikwenda wapi: kwenye birika.
Maziwa halisi, mandazi trei mbili,
na Bwana Nyandusi aliyeyaleta
kaketi karibu na mlango, anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.
Nikasema, "Tuheshimiane." Nikasema, "Muda."
Muda! Mama Chelagat alizungumza dakika kumi na saba.
Ndolo, mbili na nusu.
Amenihesabia mwenyewe, kwenye barua. Hakosei hesabu.

Barua ninayo. Haina tusi hata moja.
Mstari wa mwisho unasema:
Kanga ilikuwa nyekundu, kengele yako ni ya shaba.
Mikono yangu haikuona tofauti.

Nimetembea nayo wiki tatu mkobani
pamoja na risiti za stima. Nikatunga utetezi.
Kwamba hasira huvunja vikundi. Kwamba bila chai
nusu yenu hamtakuja, na hamtasema hamji kwa ajili ya chai.
Kwamba kuna siku lazima niinue:
Baba Apiyo alipomwita mama wa watu mchawi
kwa kuzaa watoto wawili wasiosema,
niliinua, na leo ningeinua tena, kwa mikono miwili.

Lakini neno linalomuumiza mwenzako
si ndugu wa neno linalomwaibisha mfadhili.
Nikayaweka kapu moja, kwa kuwa yote mawili
yalifanya chumba kiwe kizito.

Mama Chelagat, usichukue mkoba, kaa.
Sijakuita mwongo. Matone yasimulie hata leo.
Ila ukimaliza kusimulia, sikiliza unapojibiwa,
na chupa zisiuzwe hapa.

Basi. Ndiyo marekebisho. Nani anaunga mkono?

Bwana Nyandusi, nimeuona mkono wako.
Una dakika tatu, kama sisi sote.
Chai ya leo nimenunua mimi. Ni strungi, mnisamehe.

Na wewe Ndolo, kengele nimeiweka upande wako.
Si zawadi.
Nikisahau, iinue.