Mimi ni Yupi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Aprili,
Pwani ya Corrigan. Nafungua kiti cha turubai,
nafuta chumvi ya jana kwenye kioo kwa ncha ya fulana,
nachomeka betri ya kwanza, nasubiri satelaiti zihesabike:
tisa, kumi na moja, kumi na nne.
Droni inanyanyuka, nyuki aliyefungiwa chupani,
inavuka matuta ya mchanga na majani yake makali,
na bahari ninayoijua tangu ning'oke meno ya utoto
inalala chini yangu kama mgonjwa aliyevuliwa shati.

Kabla ya kazi hii niliendesha basi la shule miaka kumi na tisa.
Nilizoea kuhesabu vichwa.
Sasa nahesabu vichwa na vivuli.

Mkizi wamefika. Toka juu ni wino uliomwagika,
unanyooka, unakunjamana, kisha ghafla tundu katikati.
Ukiona tundu, mtafute mwenye tundu.
Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi,
ila mvuvi wa leo hana nyavu.

Mzee Merv Hanrahan ameshaingia majini.
Miaka sabini na sita, anaogelea kama anayepiga pasi,
taratibu, mkunjo kwa mkunjo,
kutoka jabali la kaskazini hadi mlingoti wa bendera.
Viatu vyake viko mchangani, na ndani ya kiatu cha kushoto
vimelala vifaa vyake vya masikio, vimefungwa kwenye leso.

Nilimwona papa dakika ya nane.
Mweupe, mita tatu na ushei, hana haraka,
mkia ukienda huku na huku kama mlango usiofungika.
Mita arobaini. Thelathini na tano.
Nikapiga king'ora. Vijana watatu wa mbao za mawimbi wakageuka mara moja.
Tegan akakimbilia boti ya mpira, akavuta kamba ya injini,
mara ya kwanza, ya pili —
Merv anapiga pasi.

Nikasema kwenye kipaza sauti: "Toka majini. Papa. Toka majini!"
Sauti yangu ikashuka toka mbinguni
kama ya malaika mwenye mafua.
Merv anapiga pasi.

Nikaishusha. Kanuni zinasema usishuke chini ya mita kumi juu ya mtu.
Nilishuka mpaka upepo wa mapangaboi ukamrushia maji usoni.
Akasimama wima baharini, akaitazama,
akainua ngumi,
akaimwagia maji.
Nyuma yake kivuli kilipunguza mwendo, kikampa ubavu.
Niliona hadi kovu lake.
Sikupumua, lakini mikono haikutetemeka;
ilikuwa bado mikono ya dereva, inajua breki iko wapi.

Kisha papa akageuka
kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka,
akaufuata wino.

Boti ilimleta Merv akiwa analalamika.
"Midude yenu hii! Mtu hawezi hata kuoga kwa amani!"
Akatafuta kiatu cha kushoto, akafungua leso, akavaa masikio yake.
Nikampa kioo, nikakikinga jua kwa kofia yangu.
Akatazama mpaka mwisho. Akaniomba nirudishe nyuma.
Tukatazama tena: kijani kipana, vitu viwili vyeusi,
kimoja kifupi, kimoja kirefu,
vimekaribiana kiasi kwamba kidole kimoja kingevifunika.
Maji yakimdondoka puani, akauliza polepole,
"Mimi ni yupi?"

Nilimwonyesha kwa ukucha.

Tangu wiki ya kwanza nina swali nisilowaambia
wazazi wanaowapaka watoto mafuta ya jua:
miaka ile yote kabla ya jicho hili,
nilipoogelea hapa na mimba ya Kerensa, miezi saba,
nikielea chali, tumbo langu likiwa kisiwa,
ni mara ngapi kivuli kilinipa ubavu,
kikafikiri,
kikaenda zake?

Kesho yake Merv alikuja na kofia nyekundu ya kuogelea,
mpya, bado ina kibandiko cha bei.
"Ili unitambue," akasema,
akaweka masikio yake kiatuni.
Nikachomeka betri. Tisa. Kumi na moja.