Nusu ya Saa

Saa ya ukutani ilikufia ghalani, mwezi wa tisa,
mishale imesimama kwenye saa nne kasorobo,
na Bi Asumini akasema itupwe.
Nikaiomba. Nikaifungua kwa kisu cha kubangulia,
nikatoa kibomba cha rangi ya fedha
chembamba kama punje ya mchele.

Sisi tunapika korosho kwa mvuke, hapa Newala.
Zikitolewa mapema, ganda linakuwa gumu kama deni.
Zikichelewa, kiini kinaingia rangi ya chai
na daraja linashuka, na sisi tunashuka nalo.
Tulipimia simu ya Salima Nampoto.
Salima akipigiwa,
dakika zinaondoka naye mpaka nje ya uzio.

Binamu yangu Chilumba, fundi wa Mtwara mjini, akaniambia:
nunua kichipu chenye akili,
utakiandikia maagizo kwa kompyuta.
Kompyuta ya nani?
Na maagizo nimeyaona ya kutosha:
ya chama, ya mnunuzi, ya aliyekuwa mume wangu.
Nilitaka kitu kinachojua kuhesabu,
basi.

Ndani ya kile kibomba mna fuwele,
uma mdogo wa jiwe.
Ukiupa umeme kiduchu unatetemeka
mara elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane,
kila sekunde,
uwe msimu wa mnada, uwe mwezi wa njaa.

Aisii nilichomoa kwenye taa ya dharura ya zahanati,
miguu kumi na sita, mmoja umepinda.
Kazi yake kugawa kwa mbili.
Baba naye aligawa hivyo shamba la mikorosho:
nusu kwa huyu, nusu ya nusu kwa yule,
akashuka, akashuka,
hadi kwangu mimi kitinda mimba
ikabaki mikorosho miwili.
Aisii inagawa mara kumi na nne
na mwisho inabakiza mbili.
Mipigo miwili kwa sekunde.
Nikacheka peke yangu.

Usiku ule umeme ulikatika.
Ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma, ukaingia hadi jikoni.
Nikapasha chuma cha kulehemu kwenye makaa,
nikaunga rezista, nikaunga betri tatu za tochi.
Taa nyekundu kimya.
Nikafupisha waya. Kimya.
Nikafuta ubao kwa spiriti. Kimya.
Nikagusa mguu wa fuwele kwa kidole,
si kwa ufundi, kwa kukata tamaa tu,
na taa ikapepesa.
Nikaondoa kidole, ikazima.
Nikarudisha.
Pe-pe. Pe-pe. Pe-pe.

Nusu saa nzima nilikaa vile,
nikiwa nusu ya saa,
mbu wananila na sithubutu kujikuna.

Kumbe mwili nao ni kapasita.
Asubuhi nikang'oa mbili, kama dengu za njano,
kutoka redio ambayo baba alisikilizia bei za korosho,
nikaziweka pale kidole kilipokuwa.
Ikawaka bila mimi.
Sitaficha, niliona wivu kidogo.

Aisii ya pili inapokea mipigo ile, inaendelea kugawa;
mguu wake wa mwisho unaamka
mipigo ikifika elfu mbili arobaini na nane,
nao unaamsha king'ora nilichotoa kwenye gari la kuchezea.
Nikapiga hesabu kwa mkaa sakafuni:
dakika kumi na saba, sekunde nne.
Hizo nne zilinikera.
Nilitafuta pa kuzikata, sikupata.

Jumatatu tukajaza pipa, nikabonyeza swichi.
Bi Asumini, ambaye kwa miaka yote amesema
"kumi na saba, halafu bismillahi, halafu fungua,"
hakuutazama ubao wangu hata mara moja.
Alikaa akichambua maganda.
Kisha akanyanyuka, akashika kifuniko kwa kitambaa,
midomo yake ikaanza kutembea,
Bismillahi r-Rahmani r-Rahim,
na alipofika mwisho wa neno la mwisho
king'ora kikalia.