Maji na Aliyesimama

Miaka sitini nilifunga kitambaa mkono wa kulia
kila nilipokwenda ofisi ya mji, hapa Kushiro,
ili karani aseme: pole, mama, nikujazie.
Sikuwa na jeraha. Sikuwa na herufi.

Sasa nina sabini na saba, nasoma usiku
juu ya duka la nyavu na kamba,
na mwalimu Hirabayashi, kijana mwenye koti la kuazima,
hafundishi kanji; anategua hadithi.

"Mtu kaegemea mti: kupumzika."
Hiyo niliinasa palepale. Nani asiyetamani mti?

"Mwanamke chini ya paa: amani."
Nikamuuliza, amani ya nani?
Akakuna kichwa, akakiri
kwamba herufi hiyohiyo husomwa pia rahisi,
kama bei ya dagaa soko likikaribia kufungwa.
Ehee, nikasema. Hapo tumeelewana.

"Maji, na mtu aliyesimama kando yake?"
Nikajibu mbio: kazi!
Meza ndefu ya kiwanda, buti za mpira,
kaa anakuja, kaa anakwenda, vidole havina habari,
maji ya chumvi yanatiririka tangu alfajiri.
"Hapana, Bi Tokie. Ni kulia."
Jiko la mafuta likakohoa.
Nikaandika zote mbili daftarini.

Lakini iliyoninyima usingizi ni hii:
moyo, na juu yake kilichopotea: kusahau.
Usogeze moyo ubavuni,
kilichopotea kikae kando yake: kubanwa na kazi.
Vipande ni vilevile.
Nikaikodolea hadi chai ikapoa.
Mama yangu alifariki msimu wa kaa.
Niliomba ruhusa ya nusu siku.
Sura yake siipati tena.

Hadithi nyingine nazikataa, natunga zangu.
Mwalimu haudhiki: ikishika, asema, inatosha.
Zipo zisizo na hadithi kabisa, mistari kama miba ya samaki;
hizo nazirudia mezani kwa kidole kilicholowa
mpaka mkono ukubali.
Kurudia, mkono wangu unakujua.

Jumatatu nimekwenda ofisini bila kitambaa.
Nikachora jua kando ya hekalu,
kisha mti na tawi lake,
ulimi nje kama mtoto:
jina langu.
Karani hakuinua macho.
"Dirisha la tatu," akasema.
Sikumuuliza liko wapi.